Kiwambo kwa Mtutu Mwembamba

Hoikkalampi, 6 Mei 1996

Kwa Fundi Oiva Niskala, Haapajärvi

Fundi,

Hunijui nami sikujui. Jina lako nimepewa na fundi wa tatu aliyenikatalia. Alisema, "Kama kuna mwendawazimu atakayeikubali kazi hii, ni Niskala." Nikaona unafaa.

Naitwa Saimi Karppinen, mjane na mwindaji. Katika chama chetu cha wawindaji mimi ndiye ninayetembea na mbwa. Wanaume hukaa vituoni mwao wakinywa kahawa, mimi na Jekku tunaingia msituni kumtafuta hirvi, yule mnyama wa pembe pana aliye mrefu kuliko farasi. Jekku akimpata humsimamisha kwa kubweka, nami nanyatia kuifuata sauti. Kazi hii inataka masikio kuliko macho, na sikio langu la kushoto limekwisha. Daktari kanipima, akasema la kulia limeanza kufuata njia ya mwenzake, na mchawi ni bunduki yangu. Akaniambia nivae viziba masikio. Nikamuuliza, nikiyaziba masikio nitamsikiaje mbwa? Akasema nikiendelea na mlio ule, nitafika mahali Jekku atabweka mapajani mwangu nisijue.

Mwenyekiti wetu, Arvi Moilanen, ana kanuni yake: asiyemsikia mbwa anahamia kwenye sufuria. Yaani anabaki kupika supu wenzake wakiwinda. Nina miaka sitini na miwili. Supu naijua kuipika, lakini sitaki kuwekwa huko kama mwiko.

Nataka bunduki yangu ivalishwe kiwambo cha sauti, kile cha kumeza mlio. Tatizo ni mtutu, mwembamba. Marehemu mume wangu, Eino, aliniagizia bunduki nyepesi makusudi kwa kuwa natembea nayo kutwa. Mafundi wote watatu wameutazama mdomo wa mtutu huo wakatikisa vichwa kama wachungaji mazishini, wakaniambia ninunue mpya. Mpya siitaki.

Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu hadi inachoka. Nijibu kama u hai.

Saimi Karppinen


Haapajärvi, 14 Mei 1996

Bi Karppinen,

Ni hai. Habari ya simu tuiache, siipendi, na mashine ya kukerezea chuma ikizunguka humu karakanani hakuna anayesikia kitu. Andika. Maandishi yako yanasomeka vizuri.

Mafundi hao hawakukudanganya. Kiwambo hukazwa kwenye hesi, kama kifuniko cha chupa, na hesi huchongwa kwenye chuma cha mtutu wenyewe. Mtutu mnene una chuma cha kutoa sadaka, mwembamba hauna. Ukichonga, mdomoni linabaki ganda la yai, na mimi sitaki ganda la yai mbele ya uso wa mtu yeyote. Halafu kiwambo kizito kikining'inia kwenye mtutu mwembamba huuinamisha, na risasi inaenda inakotaka yenyewe.

Lakini sijasema haiwezekani. Nitumie bunduki kwa basi la mizigo. Komeo lake, kile chuma cha kuifungia risasi ndani, litume peke yake kwa safari nyingine, ndivyo sheria inavyopenda.

Nina swali ambalo si la ufundi. Mbwa akibweka, wewe unasikia nini hasa? Mimi sikuwahi kutembea na mbwa. Niandikie kwa kirefu.

O. Niskala


Hoikkalampi, 24 Mei 1996

Fundi Niskala,

Bunduki iko kwenye basi la leo. Niwie radhi kwa vazi lake, sikuwa na blanketi la kufaa.

Umeuliza swali ambalo hakuna mwanamume wa hapa aliyewahi kuniuliza. Jekku akikuta harufu tu, hulia kwa pua, kama mtu aliyenyimwa chakula. Akimwona hirvi anayekimbia, hubweka haraka haraka na sauti inapanda juu. Hirvi akisimama, mbweko unatulia, unakuwa mzito, mmoja baada ya mmoja, kama mtu anayepasua kuni bila hasira. Hapo moyo wangu nao unatulia. Najua hirvi ametazama wapi kwa sababu Jekku hukaa mbele ya kichwa chake, na sauti ikiwa imeelekezwa kwangu husikika wazi, ikiwa imenipa mgongo hufifia. Nikiwa na masikio mawili nilikuwa nakwenda moja kwa moja. Sasa kwa sikio moja nazungukazunguka kama kuku aliyemwagiwa maji, halafu Jekku ananitazama kwa huruma. Huruma ya mbwa inauma.

Saimi K.


Haapajärvi, 3 Juni 1996

Bi Saimi,

Bunduki imefika ikiwa imevaa suruali ndefu ya ndani ya sufu. Dereva wa basi aliniuliza kama niliagiza mke, maana miguu ilikuwa inachungulia kwenye boksi. Dada yangu ameifua, nitairudisha.

Barua yako kuhusu mbwa nimeisoma nikiwa nimezima mashine. Asante.

Sasa neno gumu. Nimeupima mtutu. Mdomoni haufai kabisa, lakini kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyonenepa, kama mitutu yote. Nikiukata kiasi cha upana wa kiganja, napata chuma cha kutosha kuchonga hesi kwa amani. Kisha nitauvalisha kiwambo chepesi cha aina ile inayorudi nyuma na kuufunika mtutu, ili uzito ukae karibu na mikono yako badala ya kuning'inia mbele. Kile kinundu cha kulengea kilichoko mdomoni kitaondoka pamoja na kipande. Una darubini, hutakihitaji.

Nasubiri ruhusa yako.

Oiva Niskala


Hoikkalampi, 10 Juni 1996

Fundi,

Ruhusa hupati. Usikate hata kiasi cha ukucha.

Suruali ile ni ya Eino, na bunduki ile Eino aliipima kwa mkono wangu, alinisimamisha uwanjani siku nzima nikiielekeza kwenye mnara wa kanisa hadi kasisi akaja kuuliza kama ana deni nasi. Mtutu ule aliuchagua yeye, kwa urefu ule. Miaka sita yuko kaburini na vitu alivyovishika mikononi vinapungua kila mwaka. Shoka limevunjika, mtumbwi umeoza. Nawe unataka kunikatia kiganja kizima.

Tafuta njia nyingine. Hukuitwa mwendawazimu bure.

Saimi Karppinen


Haapajärvi, 17 Juni 1996

Bi Saimi,

Njia nyingine haipo. Nimeitafuta wiki nzima, mashine ya kukereza imepata usingizi. Ningeweza kukudanganya nikachonga hapo hapo mdomoni, ukafurahi hadi siku kitakapong'oka. Sitafanya hivyo, na ukitaka bunduki irudi ilivyokuja, sema, nitaivalisha suruali na kuipandisha basi.

Lakini kwanza nifanyie jambo moja. Toka asubuhi mapema, nenda penye misonobari, umsikilize yule kwale wa msituni anayepiga mluzi mwembamba. Sauti yake ndiyo ya kwanza kumwacha mtu. Anaondoka kwale, baada yake panzi, halafu maji yanayochuruzika, halafu watoto, halafu wanawake. Wanaume wenye sauti nene hubaki mwisho, na hao ndio wasio na la maana la kusema. Kuna mtu ninayemfahamu aliyepatwa na hayo kwa mpangilio huo huo. Hakujua anapoteza nini kwa sababu kila kilichoondoka kiliondoka bila kuaga.

Ukishasikiliza, niandikie. Nitafuata utakalosema.

Oiva


Hoikkalampi, 22 Juni 1996

Oiva,

Nimekwenda leo, siku ya sikukuu ya kiangazi, wenzangu wakiwa bado wamelala na moto wa jana ukifuka ufukweni. Nilikaa juu ya jiwe mpaka nikalowa. Kwale alipiga mluzi. Nikaziba sikio la kulia nikabaki na la kushoto: hamna. Nikalizibua: yupo, lakini mbali, kana kwamba ameingia nyumba ya jirani na kufunga mlango. Mwaka jana alikuwa mtini juu yangu.

Nililia, sikufichi. Jekku akaja kunilamba kidevu, akadhani nimeumia mguu.

Halafu nikamwuliza Eino, maana bado huwa namwuliza. Eino hakuninunulia bunduki ili aitazame. Alininunulia niende msituni na nirudi. Kata.

Kipande kitakachokatwa nirudishie. Na huyo mtu unayemfahamu, mpe pole yangu.

Saimi


Haapajärvi, 29 Julai 1996

Saimi,

Imekwisha. Iko kwenye basi la Ijumaa ikiwa na suruali safi. Kipande kimo ndani ya mguu mmoja wa suruali, nimekipiga msasa kisikukate.

Jambo la kushika: usivue kiwambo. Mtutu mwembamba ukibeba kitu hutupa risasi mahali pengine, na ukikitua huirudisha pale pa zamani. Kwa hiyo panga shabaha yako upya kikiwa kimefungwa, na kibaki kimefungwa. Watu wengi hukivua ili wenzao wasiwacheke, halafu wanakosa mnyama wakilaumu jua.

Nimeijaribu. Elma alikuwa jikoni na dirisha wazi, nikamwuliza alisikia nini. Alisema alidhani nimeangusha ubao. Nikafurahi sana.

Oiva


Hoikkalampi, 26 Agosti 1996

Bwana Niskala,

Nimefanya mtihani wa shabaha mbele ya chama kizima. Risasi zote zimeingia mle zinamotakiwa. Arvi alitangaza kwamba Saimi kafunga kopo la maziwa mdomoni mwa bunduki, na sikio la kufa halisikii dawa. Nilipomaliza kupiga, kijana aliyekuwa anaandika alama aliniuliza kama nimeshaanza. Arvi akaenda mwenyewe kuyahesabu matundu.

Bega langu haliumi. Nilisimama pale baada ya risasi ya mwisho, na badala ya ule mlio wa kengele kichwani nikasikia upepo kwenye nyasi. Nilikupigia simu siku hiyo hiyo, nimwage shukrani zangu kwa sauti ya kibinadamu. Ikapokewa na mwanamke mwenye sauti nzuri. Nikakata.

Sikutaka kuwasumbua. Msalimie mkeo Elma, na mwambie suruali imefuliwa vizuri mno.

Saimi Karppinen


Haapajärvi, 31 Agosti 1996

Saimi,

Mke sina na sijawahi kuwa naye. Elma ni dada yangu, tuliyezaliwa naye nyumba hii hii, na sasa anasimulia kila mtu pale duka la ushirika kwamba ameposwa na kaka yake. Nilikuandikia mwezi wa sita kwamba dada yangu ameifua suruali. Wewe mtu wa kufuata nyayo, hii uliiruka vipi?

Alisema mtu alivuta pumzi kwenye simu kisha akakata. Nilimwuliza pumzi hiyo ilikuwa ya namna gani. Alisema nzuri.

Nakuuliza kitu usikasirike: unaniandikiaje "Bwana Niskala" wakati mwezi wa sita nilikuwa Oiva? Jina lile lilinikaa vizuri.

Oiva


Hoikkalampi, 1 Oktoba 1996

Oiva (haya, umelipata),

Kaa chini ucheke.

Jumamosi tulifungua msimu. Unamjua Arvi kwa barua zangu: redio za mkononi amezipiga marufuku kwenye mstari wake wa wawindaji, anasema betri ni za wavivu. Chama chetu tangu enzi za baba yake husikiliza tu. Mbwa anabweka, bunduki inalia, mbwa ananyamaza: hirvi ameanguka, watu wote wanakwenda huko na visu. Hivyo ndivyo tulivyokulia.

Jekku alimsimamisha dume ng'ambo ya kinamasi. Nilimsikia, Oiva. Ule mbweko wa kupasua kuni, nikajua kulia kwa mwamba, nikajua amenielekea. Sikuzunguka hata mara moja. Nikafika, nikapiga, dume akapiga magoti palepale. Jekku akanyamaza.

Na dunia nzima ikanyamaza. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwetu, na kopo lako la maziwa likafanya kazi yake. Wanaume wakasikia mbwa tu akikoma. Arvi akaamua kwamba Jekku amempoteza hirvi, akauhamisha mstari wote hadi upande wa pili wa ziwa, kwa magari. Mimi nimekaa juu ya gogo na nyama ya kulisha kijiji, nasikia injini zikiondoka moja baada ya nyingine. Kila moja niliisikia, hiyo ndiyo raha yenyewe. Nikawasha moto, nikachemsha kahawa, nikala mkate wangu wa shayiri, nikampa Jekku haki yake, nikalala kidogo.

Walinipata kwa moshi. Arvi akaja amelowa hadi kiunoni, maana alipita kinamasini. Akasema, "Saimi, tumekutafuta kutwa. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa hapa na nyama. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumatatu mwenyekiti alinunua redio kumi, na watu watatu wameniomba anwani yako. Wa tatu ni Arvi, akanisihi nisiseme.

Tarehe tisa Novemba ni karamu yetu ya hirvi, tunawalisha wenye mashamba tuliowinda kwao, na baadaye dansi ukumbini. Mwaka huu mimi nimekaa upande wa wawindaji, supu anapika mwingine. Njoo uone ulichokifanya. Jekku anataka kukujua.

Saimi


Haapajärvi, 9 Oktoba 1996

Saimi,

Nimecheka hadi Elma akaja kutazama kama nimepatwa. Dume yule ni wako, mimi nilichonga chuma tu.

Kuhusu karamu, sitaweza. Mashine ina ubovu kwenye mkanda, na mafundi bunduki Novemba huwa na foleni. Theluji nayo itakuwa imeanza. Na sina viatu.

Oiva


Hoikkalampi, 14 Oktoba 1996

Oiva,

Sababu moja ingetosha, ningeiamini. Umenipa nne.

Mashine ilete, Arvi atautengeneza mkanda. Theluji tunayo, njoo uione. Viatu vya Eino ni vikubwa, vitakutosha. Basi linafika saa nane mchana, nitakuwa nimesimama kituoni na mbwa wa kijivu mwenye mkia uliopinda.

Saimi


Hoikkalampi, 11 Novemba 1996

Bwana Niskala,

Nimejizuia siku mbili ili kalamu ipoe. Haijapoa.

Ulishuka kwenye basi, nikakuona, na nikuambie ukweli kwa kuwa sasa hauna gharama: niliridhika. Ulimwinamia Jekku kabla ya kunisalimu mimi, nikaridhika zaidi. Mezani ulinitazama usoni kila nilipozungumza, mtu hajanitazama hivyo tangu niwe mjane. Nilikuuliza utaanza na supu au kahawa, ukasema "ndiyo." Nikadhani una haya, nikaipenda haya yako.

Halafu dansi. Ile taa ya zamu ya wanawake kuchagua wa kucheza nao ikawaka. Oiva, mimi sijamwomba mwanamume dansi tangu Eino afe. Nilivuka ukumbi mzima, sakafu tupu, wake wa wenye mashamba wameacha kahawa ipoe wanitazame. Ulikuwa umekaa kwenye benchi kando ya jiko, macho kwenye viatu vya mume wangu. Nikasimama ubavuni pako nikasema nililokwenda kusema. Hukuinua hata kichwa. Nikasema tena. Ukainuka, ukanipa mgongo, ukatoka nje.

Kwetu hakuna anayekataa zamu ya wanawake, na kwenu hakuna, usiniambie mila ni tofauti. Hata mlevi Kalevi huinuka, anacheza nyimbo zake mbili, ananirudisha kitini kwangu na kuinama. Nilirudi kitini peke yangu. Arvi hakunitania. Hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa, Arvi aliponiletea kahawa akakaa kando yangu.

Na asubuhi ukaondoka na basi la kwanza, umeacha viatu ngazini vimepangwa vizuri.

Kama sikukupendeza ungesema. Ngozi yangu ni nene. Bunduki ni nzuri, sina la kudai.

S. Karppinen


Haapajärvi, 15 Novemba 1996

Saimi,

Barua yako niliisoma, nikamkabidhi Elma. Aliisoma akanichapa na kitambaa cha vyombo. Akasema, "Mwandikie leo, la sivyo nampigia mimi, na simu hiyo hutaisikia."

Mimi ni kiziwi, Saimi. Si kidogo. Nimejaribu bunduki za watu tangu nikiwa kijana, masikio wazi, bila kuziba chochote, maana nilijiona chuma. Yule mtu ninayemfahamu, aliyeachwa na kwale, panzi, maji, watoto na wanawake, ni mimi. Sasa hata Arvi simsikii. Simu siipendi kwa kuwa ni kipande cha plastiki kisichosema kitu. Mtu akisimama mbele yangu kwenye mwanga nasoma midomo yake, nakosea nusu. Supu au kahawa niliikosea.

Nilipokataa kuja, sababu haikuwa viatu. Niliogopa ukumbi. Nilikuja kwa sababu niliogopa zaidi kutokuja. Ile taa ilipowaka niliiona, na nikatazama chini ili nisione nani anakuja kwa nani, maana nilijua hutakuja kwangu. Mtu akinisemesha pale nitajibu upuuzi, watu watacheka, nawe utaaibika kwa kuwa ni mgeni wako. Kwa hiyo nikatoka. Sikujua uko ubavuni pangu. Nilikupa mgongo nisijue, na kitu hicho kinanichoma kuliko chochote nilichowahi kukipoteza.

Ningekuambia tangu Mei. Lakini uliniandikia kuhusu mbwa kana kwamba naweza kumsikia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamsikia mtu. Nilihofu ukijua utaanza kuniandikia kwa herufi kubwa.

Sikukukataa. Hata sijui ulisema nini. Ulisema nini?

Oiva


Hoikkalampi, 20 Novemba 1996

Oiva,

Mpumbavu wewe. Nimekasirika zaidi kuliko juzi, na nina furaha ambayo sina pa kuiweka, nimeosha nyumba nzima na jirani anadhani kuna msiba.

Ulinitengenezea kitu ambacho wewe mwenyewe hukuweza kukisikia kikifanya kazi. Ukaenda kumwuliza dada yako jikoni. Na ukafurahi sana, uliandika hivyo, nami nikapita juu ya sentensi hiyo nikikimbilia kumwonea wivu Elma.

Uziwi hauambukizi, na sufuriani haumpeleki mtu, labda katika chama cha Arvi, na Arvi ameagiza kiwambo. Nimemweleza yote. Akasema mwakani utakaa kituo cha kando ya ziwa, kwenye mstari wake, na redio itawekwa mfukoni itetemeke, kama kuna redio za namna hiyo. Kama hazipo atakuvuta kwa kamba. Ni utani wake, maana yake anakutaka.

Umeuliza nilisema nini. Mara ya kwanza nilisema, "Twende, Oiva, kabla sijaogopa." Mara ya pili nilisema, "Nimeshaogopa, twende hivyo hivyo."

Jumamosi ya tarehe thelathini kuna dansi hapo kwenu, Elma kaniambia, tumezungumza kwa simu hadi sikio langu zima likapata moto. Nimekata tiketi ya basi. Taa ya wanawake ikiwaka nitakuja kutoka mbele, penye mwanga, polepole kama ninavyomwendea hirvi. Nitasimama hadi uniangalie, ndipo niseme. Ukikataa safari hii, nitajua umekataa.

Saimi


Haapajärvi, 2 Desemba 1996

Saimi,

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Elma anaimba, namwona mdomo, na amepaka siagi pande zote mbili za mkate wangu.

Nilikuwa sijacheza dansi tangu masikio yalipokwisha. Nilidhani haiwezekani bila muziki. Kumbe ngoma inapanda kwenye mbao za sakafu hadi magotini, nilianza kuihisi kwenu, nilipokuwa nimekodolea viatu. Nyimbo mbili za mila zilipoisha nilijua, kwa kuwa watu walisimama. Wewe hukusimama. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Najua tu walipoanza kufagia tulikuwa bado tuko katikati, na mfagiaji alituzunguka.

Kuna jambo moja nimemwuliza Elma leo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mgongoni mwako, na chini ya kiganja, mahali pamoja hapo hapo, kulikuwa na kitu kinatetemeka kwa mpigo, laini, kinapanda na kushuka. Nilidhani ni akodiani, kwamba inapita kwenye sakafu na mwilini mwako hadi kwangu. Nikamwambia Elma hiyo akodiani ya Haapajärvi inapigwa vizuri siku hizi.

Elma aliacha kuosha vyombo. Akanigeuza nimtazame mdomo, akasema taratibu ili nisikosee hata neno: akodiani ilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Aliyekuwa anaimba ni Saimi. Aliimba usiku wote, begani kwako.

Wewe ni mwanamke wa kwanza niliyemsikia baada ya miaka kumi na minne, na nilimpa sifa mpiga akodiani. Ulikuwa unaimba nini? Nataka maneno yote. Lakini usinijibu kwa barua, Saimi. Panda basi, uje uimbe, nami nitaweka mkono pale pale.

Oiva